Zaitun, Uliyetuonyesha Shaba Ndani ya Uji

Mwaka umezunguka, Mwalimu Zaitun Yunusu, tangu ututoke, na nyumba yetu ya hapa Kizwite bado inajaa watu kila Ijumaa kama ulivyopenda. Wanakuja kula, wanakuja kusema watu, na wakikusema wewe wanaanzia siku ya uji.

Wifi yako Kulsumu, mke wa kaka yako Zubery, alikuwa bado mgeni kwetu. Mwanawe Lukmani ndiyo kwanza ametoka kwenye surua, mdomo wote vidonda. Uji mzito hamezi. Uji wa maji hauna nguvu. Dawa yake Ufipa nzima inaijua: unapika ulezi mzito, unatia kimea, unga wa ulezi uliooteshwa, uji unalegea wenyewe na nguvu inabaki. Wa Kulsumu ukagoma kulegea. Leo hivyo, kesho hivyo, mtoto anabaki mifupa.

Shangazi Shida, asiyejua kunong'ona, akasema mbele ya wageni: "Uji gani huu, tufyatulie matofali? Mkono wa huyu hauna baraka. Zubery amrudishe kwao!"

Kulsumu akajifunika kanga usoni.

Ukaingia na chaki yako vidoleni. Hukumgombeza mtu. "Wifi, kimea umeloweka wapi?"

"Kwenye sufuria la shaba la babu. Nilitaka kuheshimu nyumba, wifi."

Ukaliinamisha mwangani. Bati la ndani, lile linalozuia shaba isiguse chakula, lilikuwa limekwisha, na miaka ile fundi alikuwa hana bati la kupaka, kama duka la ujamaa lilivyokuwa halina sabuni. Shaba tupu. "Mtoto asionje kimea hiki," ukasema. Ukaloweka kimea kingine kwenye chungu, ukajaza uji mabakuli mawili, ukakoroga mbele yetu sote: huku kimea cha shaba, huku cha chungu.

Bakuli la kwanza likasimama vile vile. La pili likaanza kulegea kijiko kikiwa ndani, likateremka kama maziwa.

"Kimea kina vimeng'enya, ndivyo vinavyokata wanga mpaka uji ulegee," ukasema. "Chembe za kalsiamu, ayoni, zinavishika visiharibike. Jicho halizioni. Za shaba zikitoka kwenye sufuria na kuvivamia, kazi inasimama. Hata mwilini mwetu ni hivyo: kuna vinavyotaka chuma, vinavyotaka zinki, hata shaba hiyo hiyo, kidogo na mahali pake."

"Zinki? Mimi Shida nina mabati tumboni?"

"Chembe tu, shangazi. Ukizikosa, hata kidonda hakifungi."

Shangazi akavigeuza viganja vyake, akavitazama kama amepewa siku ile. "Subhanallah," akasema, taratibu. Kisha akamchukua Lukmani, akampakatisha Kulsumu. "Mnyweshe mwanao, mke wetu."

Mtoto akanywa mpaka akalamba bakuli.

Tunakukumbuka sisi: baba yako mzee Yunusu, kaka yako Zubery, shangazi Shida, wanafunzi wako, majirani wa Kizwite, Lukmani aliye darasa la pili sasa, na wifi yako Kulsumu, mwenye jiko hili mpaka leo.

Hutatutoka moyoni kamwe.