Nimemsomea Baba Mkwe Katiba Dukani Kwake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana hapa ninapoandika nacheka huku nalia. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti viwili, na mwezi ujao naolewa na kijana ninayempenda kupita kiasi, sasa baba yake ana duka la vifaa vya umeme na kwake ndiko nilikonunua mashine ya kukaushia nywele, mpya kabisa, na siku ya pili tu ikatoa moshi ikamuunguza mteja wangu mmoja, mwalimu, nywele zote za upande wa kushoto. Nikaibeba mbio hadi dukani, mzee akaninyooshea kibao ukutani: "Mali ikiuzwa hairudishwi. Mwanangu, hiyo ndiyo sheria ya hapa." Mshauri, sijui nilipandwa na nini! Kijitabu cha Katiba kilikuwa mkobani, nikapanda juu ya kigoda nikasoma kwa sauti kifungu kinachompa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora na kulipwa fidia akidhurika, wateja wakapiga makofi, bibi mmoja akapiga vigelegele, mwingine akatoka mbio kuleta pasi yake mbovu, na mchumba wangu, aliyekuwa kaunta, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mzee akakishusha kibao, akanipa mashine nyingine. Tangu hapo ananiita Bi Katiba na hataki kuniona. Nikamwombe radhi, au nitakuwa nimeikana haki yangu?

Msusi mwenye furaha na hofu

Bi Katiba, umenichekesha mpaka chai imenipalia! Haki ulikuwa nayo. Sheria zote za biashara zimezaliwa na Katiba, na kibao cha dukani hakiwezi kuzifuta hata kikiandikwa kwa dhahabu. Lakini kigoda cha nini, dada? Hakuna kifungu kinachokataza heshima. Mwombe mzee radhi kwa ajili ya makelele, si kwa ajili ya haki uliyodai.

Halafu niambie, yule mwalimu umemfanyia nini? Barua nzima kimya! Kwake yeye muuzaji ni wewe. Mpigie leo hii, mlipe fidia yake, umtengeneze nywele bure mpaka zilingane.

Kisha nenda kwa mzee. Naye aliuziwa mashine mbovu na mwagizaji aliyeileta kutoka nje, na Katiba hiyohiyo inamlinda. Kaeni meza moja, mumwandikie huyo mwagizaji barua kali. Mzee alete risiti, wewe lete ulimi. Mkimaliza, mwulize atavaa suti ya rangi gani siku ya harusi.