Mbwa na Paka Ulioniachia Mikumi

Baba,

Shikamoo. Ningepaswa kukuuliza hali, lakini hali yako naijua, basi nikupe yangu: nimechoka, na nimekukasirikia. Huu ni mwezi wa nne tangu wakuzike pale Mikumi. Watu wa hapa Kilosa wananiambia nimshukuru Mungu kwa kuwa hukuteseka muda mrefu. Nashukuru. Lakini kila nikipiga magoti kusali, hasira inanipanda kabla sijafika kwenye amina.

Nilikuwa darasani siku habari iliponifikia. Tarishi wa ofisi ya wilaya aliniita nje, akanisomea alichokuwa amekinakili kwenye simu kutoka zahanati ya Mikumi. Fundi Daudi amefariki jana kwa ugonjwa wa tumbo. Amezikwa leo asubuhi, kwa sababu barabara na reli zote zimekatwa na mvua. Kabla hajakata roho aliacha maneno: "Mwambieni Damari aje awachukue Bolti na Nati. Wasitenganishwe."

Hayo tu. Nilimwuliza kama hakuna mengine. Akaigeuza ile karatasi, akanionyesha upande wa pili. Ulikuwa mtupu.

Baba, mimi ndiye mtoto wako pekee. Umelala kitandani unakufa, una pumzi za kuhesabu, na unazitumia kwa mbwa na paka!

Nilitaka nisiende, ingawa mume wangu alinisihi. Mama naye, nilipompelekea habari Mamboya, alijibu kwamba yeye amekwisha kukulilia tangu ulipohamia kwenye lile lori la ufundi, na wanyama wako wasikanyage ua wake. Lakini reli ilipofunguka nilipanda treni ya Kidatu. Nilifuatana na Mzee Salehe, dereva ambaye ofisi ilimtuma kulirudisha lori Kilosa. Niliona kaburi lako. Tuta la udongo mwekundu limedidimia kwa mvua, na kijiti kimeandikwa jina lako kwa makaa, herufi zimeanza kufutika. Nilisimama pale nikangoja machozi. Hayakuja. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, na mbwa wako alikuwa akibweka upande wa pili wa barabara kama mwenye wazimu.

Walikuwa wanakusubiri kwenye lori, uani pa zahanati. Bolti amelala chini ya tairi la mbele, mbavu nje. Nati yuko juu kwenye turubai, hataki kushuka. Muuguzi aliniambia walikuwa wakitupiwa ugali siku zote zile, mbwa anakula nusu na nusu anaiacha pale pale, na paka hushuka kuimalizia watu wakishaondoka.

Shida ya kwanza ilikuwa kukaa. Nilimfungulia Bolti mlango wa mbele, naye akaruka hadi kwenye kiti chake cha siku zote. Mzee Salehe akarudi nyuma hatua tatu.

"Mwalimu, mimi mbwa simchukii," aliniambia. "Ila nguo hizi ndizo ninazoswalia. Huyo akae nyuma."

Nilimwelewa. Bolti ndiye asiyeelewa. Tulipomfungia nyuma peke yake alilia kwa sauti iliyowatoa wagonjwa nje ya zahanati. Basi mimi mwalimu wa shule, niliyekuja na gauni langu la heshima, nikapanda nyuma kukaa na mbwa na paka katika kile kibanda cha mbao ulichokijenga juu ya bodi.

Sikuwahi kuingia humo, Baba. Miaka kumi na miwili umeishi ndani ya lori lile, ukizunguka vijiji vya ujamaa kutengeneza matrekta, pampu na mashine za kusaga, na mimi sikuwahi kukaribishwa. Ulikuwa ukifika Kilosa unalisimamisha barabarani, unanipa fungu la miwa, unaniuliza kama shule inakwenda vizuri, unaondoka. Sasa nilikiona kitanda chako cha kamba, jiko la mafuta ya taa lililofungwa kwa waya lisianguke, spana zilizopangwa ukutani kwa ukubwa. Niliona pia sahani zako. Zilikuwa tatu: moja yako, na mbili za bati zilizotafunwa kingo. Nilitafuta ya nne, ya mgeni. Hakuna.

Tangu Mikumi mjini, Nati alianza kutapika. Alitapika kwenye blanketi lako, akatapika kwenye kikapu changu, kisha akapanda juu ya kabati na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemtapikia. Bolti alilala miguuni pangu, mzito kama gunia, ananuka matope na grisi. Kila lori likiingia shimoni spana zinagonga ukutani. Kabla hatujaenda mbali breki zikalia, tukasimama. Nilichungulia kidirishani. Tembo sita walikuwa wakivuka barabara, wanatembea polepole kama watu waliotoka kanisani. Mzee Salehe alizima injini na kuninong'oneza kupitia tundu la nyuma: "Mzibe mdomo huyo." Nilimkumbatia Bolti mdomo kwa mikono miwili. Alijikwamua akabweka, na tembo wa mwisho akageuka, akatanua masikio. Sijui tulikaa pale muda gani. Najua Mzee Salehe alisoma dua zote alizozijua, na mimi zangu, na mbwa wako akaendelea kubweka mpaka tembo akatuona hatuna maana, akaenda zake.

Kabla ya kufika Ulaya tukakwama. Unakumbuka nilipokuwa darasa la tatu, ulituaga kwamba unakwenda Ulaya, nami nikatangazia shule nzima kuwa baba yangu kapanda ndege kwenda kwa Wazungu? Mwalimu wetu ndiye aliyenieleza mbele ya wote kuwa Ulaya hiyo ni kijiji tu cha hapa hapa wilayani Kilosa. Nilichekwa mwaka mzima. Basi nilipokaribia huko kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye matope ya magoti. Mto ulikuwa umefurika na kulala juu ya barabara. Tukaambiwa tungoje maji yapungue katika kijiji kipya cha jirani, nyumba zimepangwa mistari miwili, bado zinanuka udongo mbichi.

Lori halijasimama vizuri, Bolti akaruka chini na kukimbia moja kwa moja kwenye banda la mashine ya kusaga. Alipogeuka kurudi watu wakamfuata, wanacheka, wananyoosha shingo kutazama mlango wa dereva. "Fundi! Fundi yuko wapi?" Nikashuka mimi. Baba, nilisema umekufa mara nyingi zaidi siku ile kuliko nilivyowahi kulisema jina lako. Kila nikimaliza kumwambia mmoja, anatokea mwingine shambani, jembe begani, anauliza Fundi yuko wapi.

Aliyeumia zaidi ni Mama Tatu, yule anayesimamia mashine. Alikaa chini kwenye matope, khanga yake na yote. Kisha akanyanyuka akiwa amekasirika, na nilimpenda hapo hapo.

"Alituambia anakwenda Mikumi kufuata mkanda wa mashine, Jumatano atarudi," alisema. "Tangu hapo wanawake wa kijiji hiki tunabeba mahindi vichwani mpaka kijiji cha tatu. Na serikali nzima fundi ni mmoja?"

Nilijua mkanda upo. Niliuona ukining'inia juu ya kitanda chako, umeandikwa jina la kijiji kwa chaki. Nikamwambia Mzee Salehe tuwape. Akakataa. Mali ya serikali, alisema, haitoki bila sahihi ya fundi. Nikamwambia fundi yuko chini ya udongo. Akasema hata hivyo. Tulibishana mpaka sauti yangu ikakauka, na tulipogeuka, mlango wa kibanda uko wazi na Nati hayupo.

Nilimtafuta mchana kutwa kwenye mvua. Niliinama chini ya maghala, nikaingia vichakani, nikaita "Nati, Nati" kama mwendawazimu mbele ya wazee wa kijiji. Watu wazima waliacha palizi kunisaidia kumtafuta paka. Nilikulaani, Baba. Sikufichi. Nilisema kwa sauti, "Mimi umeniacha miaka yote hukunitafuta, leo niko matopeni natafuta paka wako!" Mzee Salehe alikuwa karibu, alinisikia. Alirudi kwenye lori, akautungua ule mkanda, akamwekea Mama Tatu mikononi.

"Mwalimu atasaini," alisema. "Ni damu ya fundi."

Nilisaini. Nikauliza nani atauvalisha, maana Mzee Salehe ni dereva tu. Mama Tatu akanitazama kwa mshangao. "Nilimshikia baba yako taa na spana tangu mashine hii iletwe. Ulidhani nilikuwa nimefumba macho?" Akafunga khanga kiunoni, akalegeza boliti, akapitisha mkanda, akakaza. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Kijiji kizima kilikuwa kimebeba mahindi vichwani wiki zote zile kwa kazi ya namna hiyo, kwa sababu wewe hukuwahi kumwambia mtu yeyote ofisini kwamba Mama Tatu anaweza.

Injini ilipiga chafya, ikashika. Banda lote likatetemeka. Na katikati ya vumbi la unga Nati akashuka darini, alikokuwa muda wote, akatembea juu ya magunia na kukaa kando ya mashine, mkia amejizungushia miguuni. Bolti akaenda akajilaza chini yake. Wote wawili wakageuza nyuso kuelekea mlangoni. Mashine ikiwaka, ndipo wewe huingia. Walikuwa wanajua hivyo. Wakangoja, Baba. Mlango ule wazi, watu wanaingia na kutoka, na wao wanamtazama kila mmoja, kisha wanamwacha.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka Mama Tatu akazima mashine.

Asubuhi ya pili mto ulipungua, na ofisi ilishapiga simu Ulaya kuuliza lori. Bolti nilimpandisha. Nati alikataa. Nilimshika, akanichana mkono toka kiwiko hadi kidole, akarudi darini. Nilimfuata mara tatu. Mzee Salehe alipiga honi, akashuka, akapanda, akapiga tena. Mama Tatu akasema, "Mwache. Hapa panya wako, na mimi nipo." Nilimwambia siwezi, nimeachiwa maneno. Akaniuliza maneno hayo uliyaacha ili wao wapate raha, au ili mimi nipate tabu. Nikapanda lori.

Kwa hiyo nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine: nimewatenganisha. Bolti alilia toka pale mpaka Kilosa, nami nimekaa naye, damu inanitoka mkononi, nasema samahani, sijui kwa nani.

Kilosa hakukuwa na nafuu. Ofisi iliniandikia barua nieleze kwa nini nimetoa mali ya serikali bila idhini. Nilieleza kwa kurasa nne, na katika ya mwisho nikaandika habari za Mama Tatu na ustadi wake. Hadi leo hawajajibu. Bolti alikataa chakula changu. Alikataa ua, alikataa mkeka, alikataa jina lake nikiliita mimi. Kila siku alikwenda kulala mbele ya geti la karakana lilikoegeshwa lori, na kila jioni mlinzi alinitumia salamu za matusi nije nimwondoe mbwa wangu. Mbwa wangu!

Siku moja Mzee Salehe alibisha hodi. Fundi mpya ameletwa kutoka Morogoro, akasema, na lori linaanza safari tena. Alisimama mbali na Bolti kama kawaida yake, anazungusha kofia mkononi.

"Tumeibiwa spana mbili hata hatujaondoka," alisema. "Mbwa wa ulinzi hana neno. Nimemtengenezea boksi lake mbele, na kumtenga na nguo zangu nimeweka ubao."

Sikutaka kumtoa. Hilo lilinishangaza mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemchukia njia nzima, na sasa nilijikuta nimeshika ukosi wake kama naibiwa. Lakini Bolti alikuwa ameshanusa dizeli kwenye viatu vya mzee, anatetemeka mwili mzima. Nikamwachia. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Katika hilo amekufuata wewe.

Sasa lori hupita kwa Mama Tatu kila mwezi. Mzee Salehe huniletea habari. Anasema likisimama tu, Bolti huruka na kwenda bandani, na Nati hushuka darini, na hulala pamoja siku nzima mpaka honi ipigwe. Mashine haijasimama tangu tulipoondoka. Fundi mpya ni kijana mwenye adabu, nasikia, ila bado anakunja spana kwa hasira. Nami juzi nilikwenda karakana nikamwomba ruhusa, nikaingia kwenye kibanda chako na sahani moja ya bati niliyoinunua sokoni, nikaiweka rafuni. Hakuniuliza ni ya nani. Sikumwambia.

Pumzika, Baba. Shule zikifungwa nitapanda treni nije Mikumi na mume wangu, tukujengee kaburi kwa saruji na kuandika jina lako kwa herufi zisizofutika na mvua. Nakuahidi hilo. Sikuahidi kwamba hasira itakuwa imekwisha. Nitakuja nayo, nitaketi pembeni yako, na safari hii utanisikiliza mpaka nimalize.

Mwanao,
Damari