Viganja vya Mama Zetu Kwenye Stoo ya Pamba

Nyamoita uko? Nimetoka stoo ya pamba sasa hivi.

Wamepiga plasta ukuta wote wa mbele! Ule wenye viganja vya mama zetu!

Si unakumbuka 1964 walivyobeba mchanga kutoka mtoni mpaka stoo ikaisha kujengwa. Siku ya mwisho kila mmoja akaweka mkono kwenye simiti mbichi, maana hawakujua kuandika jina. Cha mama yangu kilikuwa karibu na mlango, kile chenye kidole kifupi. Kila nikienda soko Migori napitia hapo nakigusa.

Leo nimegusa, ukuta ni laini!

Nikamuuliza yule kijana msimamizi, Gichana, viganja viko wapi. Akasema, "Ule uchafu, nyanya? Tulitoa. Hili sasa ni jengo la kihistoria, wageni wanakuja Ijumaa."

Uchafu! Amesema uchafu, Nyamoita.

Unanijua, mimi si mtu wa kelele. Leo nimepiga kelele mpaka wauza dagaa wa omena wakaacha meza zao wakaja.

Alipoona watu wanajaa akamwita fundi na karai la simiti. "Basi nyanya, weka mkono wako hapa. Si ni sawa tu?"

Sawa na nini? Mimi nilikuwa mtoto, sikubeba mchanga hata kidogo!

Nimekataa. Nimewaacha na simiti yao ikauke.

Sasa keti uandike majina yote unayokumbuka, anza na mama yako. Ijumaa hao wageni watanikuta mlangoni na majina hayo.