Mwalimu wa Alhamisi

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mgongo je? Sisi wazima. Chuo kimenipa kazi ya kuunda somo jipya la mabomba, wanafunzi wajifunze kwa kutenda, si kwa kunakili ubaoni. Nimeandika mpango wa wiki kumi na mbili, nakala nimeiambatisha, ndipo nikakumbuka sijawahi kufunga koki hata moja. Wewe ni fundi wa miaka ishirini. Njoo kila Alhamisi uwaongoze.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika kama mama mkwe, lakini unainama. Nikuambie kweli: siku ulipovaa joho nilipiga vigelegele huku roho inaniuma. Ualimu niliutaka mimi. Nitakuja. Ila mpango wako una maelezo wiki tatu nzima. Mimi naanza na bomba linalovuja. Walowe kwanza, maswali yatakuja yenyewe.

Dada yako

22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mkuu wa idara anasema asiye na cheti haruhusiwi kufundisha. Nimekutetea mpaka nimechoka. Alhamisi usije tena, nitawaongoza mwenyewe. Pole sana.

Mdogo wako

9 Mei

Dada,

Shikamoo. Wiki mbili hujajibu, na usingizi sina. Mkuu hakusema vile. Alitaka kukuajiri, jina lako litangulie langu kwenye somo. Nikamwambia umekataa. Wewe wanafunzi wanakuita Mwalimu. Mimi wananiita Bwana Mahudhurio. Kila nilipopita karakana nilisikia mnavyocheka, nikaona wivu. Juzi nimejaza maji karakana nzima, hakuna hata aliyecheka. Niruhusu nimweleze mkuu ukweli.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Mkuu alinipigia simu siku ileile barua yako ya uongo ilipofika, akiuliza kwa nini nimekataa kazi. Nilikuwa chini ya sinki la watu, spana mkononi. Ningesema neno moja tu, leo ungekuwa unatafuta kazi. Nikamjibu ni kweli, nimekataa, mgongo hauniruhusu. Akasikitika, na nafasi ameshampa mwingine. Kwa hiyo usimweleze kitu, utanifanya na mimi mwongo.

Nimelia, kisha nikamaliza lile sinki. Mwezi huu usije nyumbani, nikikuona nitakutukana mbele ya watoto. Njoo mwezi ujao.

Dada yako bado