Samaki wa Mzee Chen

Nangwa,
Katesh,
Hanang.
16 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Perpetua,

Shikamoo. Kwanza nikujulie hali, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Mpanda. Goti lako linaendeleaje? Judith aliniambia kwenye simu kwamba sasa unakwenda kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama miguu bado inamvimba, lakini jikoni hajaacha.

Mvua imeanza vizuri. Mahindi ya shamba la chini yameota yote, ya juu ngiri wamefukua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama anasema ndama huyo ni wako, uje umwone.

Shangazi, najua unasubiri habari za China. Uliniambia nikuandikie yote, kwa sababu kwenye simu huwa nacheka tu halafu salio linaisha. Nimechelewa kukuandikia kwa makusudi. Nilikuwa natafuta namna ya kuyasema.

Kama unavyojua, kaka Baltazar alitaka wazazi waende Guangzhou kuonana na wazazi wa mchumba wake, Meilin. Kwao binti hatolewi kabla wazee hawajakaa meza moja. Mama kwa miguu ile asingeweza safari, ndiyo maana nikamsindikiza baba mimi. Baba mwenyewe alikubali haraka kuliko tulivyodhani. Alinunua koti jipya mnadani Katesh, akalivaa tangu hapa mpaka tuliporudi.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri mno. Chumba cha Baltazar ni kidogo, hakina jiko la maana, kwa hiyo tulikula nje asubuhi na jioni. Watu wa kule wanakula barabarani, Shangazi. Asubuhi mtaa mzima unafuka mvuke. Unakaa kwenye kigoda cha plastiki kifupi kama cha kukamulia, unaletewa maandazi meupe yaliyopikwa kwa mvuke, ndani yana nyama, au tambi kwenye bakuli kubwa la supu. Mimi vijiti vilinishinda, nikawa nanyanyua tambi moja moja mpaka mama muuzaji akanihurumia, akaniletea kijiko. Kuna uji wa mchele pia. Baba aliupenda, ila alilalamika kwamba wanaweka chumvi badala ya maziwa.

Jioni ni mishkaki. Kila kitu kinachomwa, hata vitu ambavyo sisi hatuviiti chakula. Baba na samaki unajua mwenyewe jinsi mlivyolelewa, kwamba yule ni nyoka wa majini. Sisi watoto tulikula dagaa shuleni, lakini nyumbani kwetu hawajawahi kuingia. Basi baba akawa anasimama mbele ya kila jiko, mikono nyuma, anauliza, "Baltazar, huyu alitoka majini?" Baltazar anamuuliza muuzaji kwa Kichina, anarudi na jibu. Akiwa wa majini tunasonga mbele. Wauzaji walicheka, baba naye akacheka. Tuliishia kwa bibi mmoja anayechoma mahindi na viazi vitamu kwenye pipa. Baba alifurahi kama amekutana na mtu wa kwetu Dirma. Akawa anakwenda kwake kila siku, anamsalimia kwa Kiswahili, naye bibi anamjibu kwa Kichina, wanaelewana.

Nakuandikia hayo ujue kwamba Baltazar hakusahau. Alikuwa anakumbuka kila jioni.

Halafu ikafika siku ya kuonana na wazee. Mzee Chen, baba yake Meilin, alitualika kwenye hoteli ya kifahari juu kabisa ya ghorofa. Sakafu ilikuwa na zulia mpaka nikaogopa kukanyaga. Walitupa chumba chetu peke yetu, chenye meza ya mviringo, na katikati kioo kinachozunguka kikileta vyakula mbele yako kimoja kimoja. Nyuma ya kila mtu alisimama msichana aliyevaa hariri. Nikinywa chai kidogo, anajaza. Nikinywa tena, anajaza. Sikujua namna ya kumwambia imetosha.

Mzee Chen na mkewe ni watu wazuri, Shangazi. Sitaki uwafikirie vibaya. Alisimama mlangoni kumpokea baba, akamshika kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti kinachotazama mlango, maana ndicho kiti cha mgeni mkubwa. Wakanywa kwa vikombe vidogo. Baba alieleza habari za Nangwa, za ng'ombe na mlima, Baltazar anatafsiri, mzee anaitikia kwa kichwa. Nilijisikia fahari sana kumwona baba yangu pale.

Ndipo wakaleta samaki. Alikuwa mzima, na kichwa na macho, amelala kwenye sahani ndefu. Mzee Chen akazungusha kioo kwa mkono wake mpaka kichwa kikamwelekea baba. Meilin anajua Kiingereza kidogo, akaniinamia akaniambia kwamba kichwa kinaelekezwa kwa anayeheshimiwa kuliko wote, na kwamba asipoanza yeye, hakuna atakayekula.

Baba akamtazama Baltazar. Mimi pia nikamtazama.

Baltazar akasema kwa Kiiraqw, sauti ya chini, huku akitabasamu ili wenyeji wasijue, "Baba, kidogo tu. Nakuomba."

"Waambie," baba akasema.

"Siwezi kuwaambia. Ameagiza samaki huyu tangu wiki iliyopita. Wataona tumewakataa."

Nikamgeukia Meilin, nikaanza kwa Kiingereza changu cha sekondari, kwamba baba yangu... Baltazar akanikata. "Jenifa, nyamaza." Kisha akawaambia wenyeji jambo kwa Kichina, wote wakacheka kwa furaha. Baba akamuuliza amesema nini. Akajibu, "Nimewaambia umefurahi mpaka umekosa maneno."

Mzee Chen akainuka. Kwa vijiti vyake mwenyewe akatoa nyama ya shavu la samaki, chini ya jicho, akaiweka kwenye bakuli la baba. Akabaki amesimama anasubiri.

Shangazi, baba alikula.

Alitafuna polepole, akameza, uso haukubadilika. Watu wakapiga makofi. Mzee Chen alipoona bakuli liko tupu akafurahi, akachota tena, kipande kikubwa zaidi. Kwao bakuli likiwa tupu maana yake mgeni bado ana njaa, na sisi hatukujua. Baba akala tena, akawekewa tena. Mimi nilikaa pale nimeshika kijiko, na ndani nalia. Ningesema nini, na kwa lugha gani? Ningelivuta lile bakuli, ningekuwa nimevunja ndoa ya kaka yangu mbele ya wakwe. Meilin aliona kitu. Akaniuliza taratibu kama baba anaumwa. Nikamwambia hapana, amefurahi. Baltazar alikuwa anamimina kinywaji kwa baba mkwe wake, hakutazama upande wetu.

Baadaye baba aliomba maji ya kunawa, nikamfuata kwenye korido. Nikamkuta kwenye sinki anasukutua kinywa, anatema, anasukutua. Hakutapika. Nilimshika mgongo wa koti. Aliponiona kwenye kioo akasema, "Yule mzee hana kosa. Amenipa kwa mkono wake." Halafu baada ya muda, "Usimwambie mama yako. Wala mtu yeyote wa Nangwa."

Kesho yake Baltazar alikuwa na furaha tele, anasema mambo yamekwisha, wakwe wamempenda baba mno. Akatupeleka kwa bibi wa viazi. Baba alimsalimia bibi yule vizuri kama kawaida, akapokea kiazi, akanipa mimi. Hakugombana na Baltazar hata mara moja. Ningefurahi kama angegombana. Kwenye uwanja wa ndege alimwekea mkono kichwani, akambariki.

Sasa nikueleze ya nyumbani, maana hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Tangu turudi, baba amejitengea kikombe chake na sahani yake. Anaviosha mwenyewe, kama walivyofanya zamani waliovunja mwiko, wasiwachafue wengine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na padri hawezi kumwambia hivyo. Amejiwekea mwenyewe. Wazee wenzake wakikaa na kibuyu cha pombe ya asali, yeye anatoa kikombe chake mfukoni anaomba amiminiwe kando. Wiki iliyopita Mzee Akonaay, rafiki yake wa tangu jando, alimwona akifanya hivyo, akaweka kibuyu chini. Akamwambia, "Sulle, siku hizi sisi tunanuka kwako?" Baba akarudisha kikombe chake mfukoni. Akonaay akachukua fimbo yake akaondoka, na mpaka leo hajakanyaga hapa.

Mtaani wanasema China imempa maringo. Mama naye anaamini hivyo. Ananiuliza, "Huko mlilishwa nini hata baba yako akaona vyombo vyangu ni vichafu?" Ananiuliza huku anapepeta mahindi, machozi yanamtoka. Mimi nageuka, nasema nakwenda kufunga ndama. Nikimwambia, nimemwaibisha baba. Nikinyamaza, mama anaumia kwa jambo lisilokuwepo. Nimezunguka kote sioni pa kutokea. Wewe si mtu wa Nangwa tena, uko Mpanda, kwa hiyo nimejipa ruhusa kwamba sijavunja neno. Tena wewe ni dada yake mkubwa. Lakini nakuomba, usimpigie simu. Akijua kwamba unajua, sijui kitakachobaki.

Jana Baltazar alipiga. Ndoa itakuwa Agosti, na kabla ya hapo Mzee Chen na mkewe wanataka kuja Nangwa kuona kwetu. Mama alipiga vigelegele. Simu ilikuwa kwenye spika, imewekwa juu ya gunia, sote tumeizunguka. Baltazar akasema baba achague fahali mapema, na nyumba ipakwe rangi.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama karibu na simu, akasema kwa upole, "Fahali yupo. Ila kwanza muulize yule mzee, kuna chakula gani yeye hali? Asije akafika hapa nikamwekea mbele."

Tulisikia magari ya Guangzhou yakipita. Mama akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Baba," Baltazar akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Muulize tu," baba akasema, akainuka, akaenda kuwatoa ng'ombe.

Simu bado ilikuwa hewani, na mama alikuwa bado ananitazama.

Shangazi, niishie hapo. Nisalimie Baba Judith, Judith na wanawe, na Renatus kama amerudi kutoka machimboni. Mama anakusalimu sana, na baba pia, alisema nikuambie mvua ni nzuri. Mungu aliyekuponya goti akuongezee siku, na akikupa nafasi akulete huku kabla ya Agosti.

Ni mimi binti wa mdogo wako, nikupendaye daima,

Jenifa Sulle