Mate Niliyoyachemsha

Karakana ya Fremu na Picha,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada,

Nimekukosea, na kosa lenyewe hulijui lote. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, unanijua.

Sasa shikamoo. Goti linaendeleaje? Mwanao aliniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Bado unakunja mashuka pale hotelini? Sisi hatujambo. Mke wangu amenenepa na lawama ananipa mimi. Kazi zipo, sina la kulalamika.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Yule mama wa duka la vitambaa aliingia akakukuta umeinamia picha ya marehemu baba yake: unalamba pamba ya kwenye kijiti, unafuta, unaitupa, unachukua nyingine. Badala ya kukutetea nikaropoka mbele za watu, "Mteja kaleta baba yake, wewe unamtemea mate?" Watu wakacheka. Fundi saa wa jirani akakubatiza Bi Mate papo hapo. Ukavua aproni, ukasema, "Haya, fundi, safisha wewe," ukaondoka. Mwaka wa nne huu.

Hilo unalijua. Usilolijua ni hili. Mwezi uliofuata mkuu wa maktaba ya chuo alinipigia simu. Uliomba ile kazi ya kutengeneza vitabu na picha za zamani, na jina la mtu wa kuulizwa habari zako uliandika langu, maana hukuwahi kufanya kazi kwa mwingine. Akaniuliza kama unafaa. Nikamjibu, "Mikono anayo, ila kazi za watu anazitemea mate." Basi. Hawakukuita. Uliponiambia kwamba wamechukua mtu mwingine, nikakupa pole, tena kwa sauti ya huzuni kabisa. Dada, ile pole ndiyo inayoniuma zaidi.

Ngoja nikueleze nilivyozinduka, angalau ucheke.

Mwezi uliopita mwalimu wa biolojia aliniletea picha ya rangi za mafuta, ya mwalimu mkuu wa kwanza wa shule yao. Wanafunzi wa zamani hizo walimbandika masharubu ya karatasi kwa gundi ya unga wa ngano. Karatasi ilishabanduka, gundi ikabaki chini ya pua, ngumu kama ukucha. Maji hayakuifanya kitu. Thina niliiogopa, ingeondoka na mdomo wa mzee. Nikakukumbuka wewe. Lakini kiburi nacho! Kulamba pamba sikutaka. Nikatema kwenye kikombe, nikayabandika mate jikoni yachemke, ati yawe safi.

Mke wangu akaingia. "Unapika nini?"

"Mate."

"Ya watu wangapi?"

Nikapaka hayo mate yangu ya kuchemsha. Hola. Na sikufichi, nilifurahi, nikajiambia kumbe nilikuwa sahihi siku zote. Mwalimu alipopita kuulizia picha yake nikamsimulia kama kichekesho. Akacheka kweli, ila alinicheka mimi.

"Umeviua, bwana mkubwa."

"Nimeua nini?"

"Vimeng'enya."

Akavuta kigoda akanifundisha kama mtoto wa darasa lake. Kumbe ndani ya mate kuna kimeng'enya, aina ya protini, ndogo huwezi kuiona, ambayo kazi yake ni kukata wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana. Kimeng'enya kinaukamata, kinaukata, kinauachia, kinakamata mwingine, na chenyewe hakipungui. Ndiyo maana ukitafuna mkate muda mrefu bila kumeza, unaanza kuwa mtamu. Gundi ya unga ni wanga, kwa hiyo mate yanaimega. Rangi ya mafuta si wanga, kimeng'enya hicho kinaipita kama hakijaiona. Kila kimoja na kazi yake, anasema: kilichoko tumboni kwa ajili ya nyama hakishughuliki na mkate. Viko hata kwenye mbegu inayoota, na kwenye ukungu unaoozesha majani. Lakini ukivichemsha vinaharibika umbo, kama ute wa yai unavyogeuka kwenye kikaango, na haurudi tena. Joto la mdomoni linavitosha.

"Nani alikuonyesha habari za mate?" akaniuliza.

"Dada yangu."

"Huyo ndiye fundi."

Nikaenda kukiosha kile kikombe.

Alipoondoka nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Miaka yote ile nilikuwa nakuangalia bila kukuona: unasukutua kwanza, huli kitu, unajaribu pembeni kabisa, pamba haiguswi mara mbili, halafu unamalizia na maji safi. Kwa saa mbili tu gundi yote ikatoka. Chini yake mzee wa watu alikuwa anatabasamu, na shule nzima haikujua.

Mwalimu anasema maktaba ile inatafuta fundi tena. Yule waliyemchukua amehama, na maombi yanapokelewa mpaka mwisho wa mwezi. Sikwambii uombe. Hilo ni lako, na ukitaka kuichana barua hii, ichane.

Nisalimie mwanao na mkweo, na yule mjukuu wako Kibonge umfinye shavu kwa niaba yangu. Mke wangu anakusalimu, anasema ulikuwa na haki ya kunipiga kofi. Fundi saa nimemweleza yote. Ameona haya, naye anakusalimu, safari hii kwa jina lako. Mungu akutunzie goti na mikono.

Alhamisi hii, tarehe 13, sifungui karakana. Saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mkuu wa maktaba, nimwambie kwa kinywa changu kwamba nilikuharibia, na kwamba asiyejua kazi nilikuwa mimi. Nitamwachia maneno hayohayo kwa maandishi, yenye sahihi yangu, na nakala nitaiposti kwako siku hiyohiyo kabla posta haijafungwa.

Mdogo wako nikupendaye.