Dakika Mbili za Gus

San Francisco,
14 Septemba 1984.

Kwa Dada yangu mpenzi Verna,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Shemeji Clifford. Natumaini hamjambo wote, na kwamba goti lako limetulia kabla baridi ya huko Dakota haijaanza kulichokoza. Mimi ni mzima. Mikate ya viazi uliyotuma ilifika imevunjikavunjika, lakini tuliila kwa siagi na sukari mpaka makombo. Soksi ulizonifumia nazo nimezivaa hivi ninavyoandika. Kama Shemeji ameona jambo lolote kunihusu kwenye televisheni, mwambie atulie kwanza, nawe uisome barua hii hadi mwisho.

Bado ni muuguzi katika wodi ile ile ya wagonjwa wa UKIMWI. Wengi ni vijana, na wengi wazazi wao hawaji. Wanaokuja ni watu wa mtaani kwetu. Yupo mama mmoja, Maxine, dereva wa basi, anayependa wanawake na asiye na ndugu hata mmoja wodini. Amekusanya wanawake wenzake wakatoe damu kwa ajili ya wanaume hawa, ambao wao wenyewe hawaruhusiwi tena kutoa. Nilipomshukuru alinikatiza, akasema sisi wanaume hata kuumwa hatuwezi bila kusimamiwa.

Sasa hapa mtaani kuna ugomvi mkubwa. Zipo nyumba za mvuke ambako wanaume wanaopenda wanaume huenda kuoga na kukutana, na usinilazimishe kueleza huko kukutana kwenyewe. Wakubwa wa jiji wanataka kuzifunga ili ugonjwa usienee. Ungedhani sote tungekuwa upande mmoja. Wapi! Kila Jumatatu tunajaa katika ukumbi wa kanisa na kurushiana maneno mpaka madirisha yanaingia ukungu. Wanaotaka zifungwe wanaitwa vibaraka wa polisi, na wanaotaka ziachwe wanaitwa wachimba makaburi. Mimi ni kibaraka. Ninawafumba macho vijana hawa wakishakufa, kwa mikono yangu, Dada, wala sijaona mlango wenye thamani ya kuachwa wazi kwa bei hiyo. Lakini mkutano ukiisha, kibaraka na mchimba kaburi wanaingia gari moja kupeleka supu kwa wagonjwa, wakiendelea kubishana njia nzima. Sijapata kuona watu wa namna hii, nami nimelelewa na Walutheri.

Mkubwa wa wachimba makaburi ni Gus Bellomo, yule mpangaji mwenzangu unayemsalimu mwishoni mwa kila barua. Zamani, akiwa kijana, Gus alikuwa karani wa posta. Siku moja polisi walivamia baa ambako wanaume walikuwa wakicheza dansi wao kwa wao, naye akiwamo, na gazeti likachapa majina yao na mitaa wanayokaa. Kazi ikaota mbawa. Baba yake akalitoa sanduku lake la nguo na kuliweka kando ya barabara, mchana kweupe, majirani wakitazama. Tangu hapo Gus anasema serikali ukishaipa ufunguo wa mlango mmoja, hairudishi, na kesho itauliza funguo za milango mingine.

Wala si mtu wa maneno matupu. Kabla hajaugua alikuwa akiketi kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba moja ya mvuke, bakuli la kondomu mapajani, akimkamata kila anayeingia. Nilimsikia siku moja akimwambia jitu lenye masharubu, “Wewe, usinipite kama ninakudai. Chukua. Ongeza. Acha haya, mimi si mama yako!” Kisha angemshika mkono na kumweleza jinsi ya kujikinga bila kumuonea aibu wala kumuaibisha. Hoja yake ilikuwa kwamba pale mlangoni aliweza kuwapata. Zikifungwa, wataingia vichakani kule bustanini, na huko hakuna kigoda.

Majira ya kuchipua aliugua. Kufikia kiangazi macho yalikuwa yamezima, na miguu ikafuata. Ndipo wakubwa wakatangaza kikao cha kusikiliza wananchi. Kanuni yao ni kwamba kila mtu anasimama mara moja tu, kwa dakika mbili. Unaweza kumsemea mgonjwa, ila hapo umetumia zamu yako mwenyewe. Maxine alijitolea kumsemea Gus. Gus akamkataa. Akasema anataka nimsemee mimi.

Nilikuwa namenya viazi, nikakiweka kisu chini. Nilikasirika, Dada, sikufichi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, maneno ya wodini, na niliamini yangeokoa watu. Nikamuuliza kama ugonjwa umempanda kichwani. Akacheka. “Maxine ananipenda, atanitia chumvi,” akasema. “Wewe unalichukia kila neno langu, kwa hiyo utalisema lilivyo.”

Basi akawa ananitamkia maneno yake, nami ninarudia mpaka yakanikaa kichwani. Nikiteleza ananirudisha nyuma, na kunikemea nisiseme kama ninamsomea mtu dawa zake. Tulipofika sehemu ya mwisho aliitamka mara moja tu. Akaniambia hiyo naweza kuiacha nikipenda. Alijua una televisheni.

Siku ya kikao ukumbi ulifurika na kamera zilikuwa zimepangwa mbele. Wenzangu wa wodini, waliojua msimamo wangu, walinipigia makofi niliposimama. Nikatangaza kwamba namsemea Augusto Bellomo, makofi yakafa. Nikayasema yote, la posta, la ufunguo, la kigoda, sikupunguza wala sikuongeza. Nilipofika kwenye sanduku kando ya barabara sauti ilinikatika. Muuguzi mwenzangu mmoja aligeuza uso. Halafu ikabaki ile ya mwisho.

Nilikuona wewe, Dada. Nilikuona sebuleni na sindano zako za kufuma. Nikamuona na Gus, asiyeona, ameketi kando ya redio akisikiliza kama nitaisema. Nikaisema. Ni hii hapa:

“Mwanaume ninayempenda, ambaye nimeishi naye miaka tisa kama wanavyoishi watu waliooana, anaamini nimekosea kabisa. Tunabishana kila tukikaa mezani, kisha ananiogesha na kunilaza. Hajapata hata mmoja wetu kuita polisi waje kutuamulia.”

Mwenyekiti alivua miwani. Akauliza, kwa upole, kama huyo mwanaume naye yupo na angependa kusikilizwa.

Nikamjibu, “Ni mimi, mheshimiwa. Orrin Haugen. Zamu yangu nimeshaitumia.”

Watu walicheka, halafu wakasimama, vibaraka na wachimba makaburi pamoja. Wakubwa wameahirisha uamuzi, kama ilivyo kawaida yao. Mimi bado naamini zifungwe, na nilimwambia Gus hivyo nilipofika nyumbani, kabla sijavua koti. Akasema hilo analijua, ila hakuniagiza nilie kwenye sanduku. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. Nimeishi na watu wengi wema, Dada, wewe ukiwa wa kwanza, lakini mtu jasiri kuliko huyu sijamuona.

Kwa hiyo si mpangaji mwenzangu. Kile chumba cha pili nilichokuandikia hatujawahi kuwa nacho. Mimi hadi sasa sina dalili yoyote. Yeye, daktari hataki kuniambia kama ataiona Krismasi. Ukishindwa kuniandikia tena nitaumia sana, lakini sitakulaumu, maana wewe ndiye uliyenilea na najua jambo hili ni zito huko kwenu.

Msalimie sana Shemeji, na wote wa kanisani watakaotaka salamu zangu. Gus anakusalimu, na amenikataza kumwita mpangaji. Na ukikaa tena kufuma, Dada, nakuomba ufume jozi mbili. Miguu yake ni midogo kuliko yangu, na siku hizi haipati joto.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Orrin